Mashemeji wasiosemezana: ukoo, pesa na jeshi katika maisha ya Lodi Cardigan

Tarehe 25 Oktoba 1854, kwenye bonde lililo karibu na bandari ya Balaclava katika rasi ya Krimea, askari wa farasi wa Kiingereza wapatao 670 waliielekea mizinga ya Warusi iliyopangwa mbele yao, huku mizinga mingine ikiwafyatulia kutoka vilima vya pande zote mbili. Waliokufa walikuwa karibu 110, waliojeruhiwa 160 hivi, na farasi waliopotea takriban 375. Amri yenyewe haikukusudia waende huko.

Wanaolieleza tukio hili kwa kawaida hutandika ramani: hapa alisimama jemadari, pale palikuwa na kilima, huku mizinga. Kwangu ramani haitoshi. Aliyewaongoza askari hao wa Brigedi Nyepesi alikuwa James Brudenell, Earl wa 7 wa Cardigan. Mkuu wake, aliyekuwa juu ya askari wote wa farasi, alikuwa George Bingham, Earl wa 3 wa Lucan. Mke wa Lucan alikuwa Anne, dada yake Cardigan. Kwetu shemeji ni mtu wa kutaniana naye. Hawa wawili walikuwa wamechukiana kwa miaka, na walisemezana pale tu kazi ilipowalazimisha. Atakayeelewa ni vipi watu wa namna hii walipewa maisha ya askari mamia kwa mamia wayachezee, hana budi kuanza na mti wa ukoo, kisha orodha ya bei.

Mwana mmoja, dada saba

James Thomas Brudenell alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1797 huko Hambleden, Buckinghamshire. Baba yake, Robert, hakuwa Earl wakati huo. Cheo kilikuwa cha baba mkubwa wa Robert, ambaye alifariki mwaka 1811 bila mtoto wa kukirithi. Familia ikahamia Deene Park, jumba la ukoo huko Northamptonshire, na kijana James akaanza kuitwa Lodi Brudenell.

Earl ni ngazi ya tatu katika ngazi tano za ukabaila wa Kiingereza: juu yake wako Duke na Marquess, chini yake Viscount na Baron. Cheo hurithiwa na mwanamume mmoja tu, na katika zama hizo mashamba na jumba la ukoo kwa kawaida vilifungwa kisheria vifuatane na cheo, visigawanywe. Watoto wengine walipewa posho au mahari, basi. James alikuwa mtoto wa kiume pekee aliyebaki, katikati ya dada saba. Ukoo mzima ulimtazama yeye. Waliomfahamu walisema alikua bila kuzoea kukatazwa neno, na mambo aliyoyafanya ukubwani hayatupi sababu ya kuwabishia.

Dada zake nao wasisahaulike, maana ndoa zao zilikuwa mtaji. Harriet aliolewa na Earl Howe, ofisa mkuu wa nyumba ya Malkia Adelaide, mke wa Mfalme William IV. Mary aliolewa na Earl wa Chichester. Mdogo wao, Anne, akaolewa na Bingham mwaka 1829. Kwa hiyo mlango wa Brudenell ulikuwa na njia ya kuingilia ikulu, bungeni na jeshini, na kila njia ilipitia kwa dada fulani.

Shule yake ilikuwa Harrow, kisha chuo cha Christ Church pale Oxford, ambako aliondoka bila shahada. Kwa mrithi wa Earl hilo halikuwa kosa. Mwaka 1818 akawa mbunge wa Marlborough. Hakuhangaika na kampeni, kwa sababu kiti kile kilikuwa mikononi mwa binamu yake wa nyumba ya Ailesbury, aliyempa amtakaye. Mwaka 1829 James alipoachana na msimamo wa binamu kuhusu haki za Wakatoliki, kiti kikamponyoka, naye akatafuta kingine.

Ndoa yake ilikuwa sokomoko. Alimpenda Elizabeth Johnstone, mke wa ofisa mmoja wa jeshi. Mume akafungua shauri la ugoni na kupewa fidia ya pauni 1,000. Brudenell alipojitolea kupigana naye kwa bastola ili kuisafisha heshima yake, Johnstone alikataa kwa jibu lililozunguka London nzima: kwamba ameridhika vya kutosha kwa kuondolewa mwanamke yule mwenye hasira na matumizi. Brudenell akamwoa Elizabeth mwaka 1826. Hawakupata mtoto, na baada ya miaka kadhaa kila mmoja akaishi kwake.

Bei ya kofia ya ukamanda

Aliingia jeshini Mei 1824, akiwa na miaka 26, umri ambao wenzake walishakuwa makapteni. Kufikia Desemba 1830 alikuwa luteni kanali. Kutoka luteni usu hadi luteni kanali kwa miaka sita na nusu, bila kusikia hata risasi moja ya adui.

Hakutoa rushwa. Hivyo ndivyo utaratibu halali ulivyokuwa. Katika rejimenti za miguu na za farasi za Uingereza, vyeo vya kuanzia luteni usu hadi luteni kanali viliuzwa na kununuliwa kwa bei iliyotangazwa na serikali. Kwa rejimenti za farasi, luteni usu alilipa pauni 840, luteni 1,190, kapteni 3,225, meja 4,575 na luteni kanali 6,175. Askari wa miguu wa kawaida, tukumbuke, alilipwa shilingi moja kwa siku, na pauni ilikuwa na shilingi 20.

Aliyepanda alilipa tofauti tu. Kapteni aliyetaka kuwa meja alihitaji pauni 1,350 juu ya zile alizokwisha weka, kisha akauza ukapteni wake kwa luteni aliyemfuata, naye luteni akauza uluteni wake, hivyo hadi chini kabisa. Ofisa alipostaafu aliuza cheo chake, na fedha hizo ndizo zilikuwa pensheni yake. Akifa vitani, fedha ziliyeyuka. Nafasi yake ilijazwa kwa ukongwe, bila malipo. Maofisa wasio na fedha waliombea vita kwa sababu hiyo, na hawakuona haya kusema hivyo.

Bei ya serikali ilikuwa mwanzo wa mazungumzo tu. Anayepanga duka Kariakoo anajua kuna kodi ya kwenye mkataba na kuna kilemba, na kilemba kinaweza kuishinda kodi mara nyingi. Vyeo vya rejimenti zenye jina vilikuwa na kilemba chao, na ingawa sheria ilikikataza, kila mtu alikilipa. Brudenell alipochukua ukamanda wa rejimenti ya 15 ya Hussars, askari wa farasi, mwaka 1832, watu walitaja kiasi cha pauni 35,000 na zaidi. Shemeji yake alikuwa ameichukua rejimenti ya 17 ya Lancers mwaka 1826, akiwa na miaka 26, kwa kiasi kilichosemekana kuwa pauni 25,000.

Mtu wa leo anauliza: taifa lililomshinda Napoleon liliwezaje kukubali jambo hili? Majibu yalikuwepo, na hayakuwa ya kipuuzi. Waingereza walikumbuka miaka ya 1650, Oliver Cromwell alipotawala kwa nguvu ya jeshi. Wakahitimisha kwamba ofisa mwenye mashamba na jina hataipindua serikali inayomlindia mashamba hayo, lakini ofisa anayeishi kwa mshahara pekee anaweza kumfuata jemadari yeyote. Duke wa Wellington mwenyewe, jemadari aliyemshinda Napoleon, alitetea utaratibu huu. Tena ulikuwa rahisi kwa hazina, maana serikali haikulipa pensheni kwa watu waliojiuzia vyeo.

Wapiga mizinga na wahandisi hawakununua vyeo, kwani huko hesabu zikikosewa mzinga humlipukia mwenye nao. Na kutoka luteni kanali kupanda juu, hapakuwa na kununua tena. Watu walisonga kwa foleni ya ukongwe. Wengi huitaja foleni hiyo kama breki ya mfumo. Mimi naiona kinyume. Aliyenunua uluteni kanali akiwa kijana aliingia kwenye foleni mapema, na mapema akafika kwenye ujenerali, awe na akili ya vita au asiwe nayo. Mwaka 1854 Lucan na Cardigan hawakuwa majenerali kwa bahati mbaya. Walikuwa wamelipia nafasi zao miongo miwili kabla.

Chupa nyeusi na mwenendo wa ajabu mahakamani

Ukamanda wa kwanza wa Brudenell haukudumu. Mwaka 1833 alimshtaki kapteni wake, Augustus Wathen, mbele ya mahakama ya kijeshi. Wathen akaachiwa huru, na ikadhihirika kwamba kamanda alikuwa akiwaandama maofisa wake na kuagiza mazungumzo yao yanukuliwe kwa siri. Februari 1834 akavuliwa ukamanda. Kwa mtu wa kawaida mambo yangeishia hapo. Miaka miwili baadaye alipewa rejimenti nyingine, ya 11 ya Light Dragoons. Ukikumbuka dada Harriet alikuwa ameolewa wapi, hutahangaika kutafuta maelezo.

Rejimenti hiyo ilikuwa India kwa miaka mingi. Brudenell aliifuata, akakaa nayo muda mfupi, kisha ikarudi Uingereza. Baba yake alifariki Agosti 1837, naye akawa Earl wa 7, na utajiri wote ukawa wake. Inasemekana alitumia pauni 10,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake ili rejimenti ipendeze kwa farasi na sare. Mwaka 1840 ilimsindikiza Prince Albert kutoka Dover alipokuja kumwoa Malkia Victoria, na kwa kumpendeza ikapewa jina la mwanamfalme huyo, na suruali nyekundu zilizobana zikawa alama yake.

Maofisa wake walikuwa wa aina mbili. Wako waliotumikia India kwa miaka, watu wa kazi wasio na fedha nyingi, na wako vijana wa makabaila walionunua nafasi juzi. Cardigan aliwadharau wa kwanza waziwazi. Mei 1840, kwenye mesi ya maofisa pale Canterbury, mgeni aliomba mvinyo wa Moselle, na Kapteni John Reynolds akamwagizia. Mhudumu akauleta ukiwa kwenye chupa yake nyeusi. Cardigan, aliyepiga marufuku bia mezani kwa kuiona kinywaji cha hao maofisa wa India, alidhani ni bia. Reynolds akakaripiwa, akajibu, akakamatwa. Magazeti yakaidaka habari, na kwa miezi mingi Cardigan hakuweza kwenda tamthiliya London bila kuzomewa kwa kelele za "chupa nyeusi".

Ofisa wa zamani wa rejimenti hiyo, Harvey Tuckett, aliandika barua gazetini akimtuhumu Cardigan kuwatukana watu kisha kujificha nyuma ya cheo. Walikutana Wimbledon Common tarehe 12 Septemba 1840 wakiwa na bastola. Risasi za kwanza zilikosa, ya pili ya Cardigan ikampata Tuckett, ambaye alipona. Kupigana hivyo lilikuwa kosa la jinai, lakini Earl hakushtakiwa mahakama ya watu wote; alikuwa na haki ya kuhukumiwa na Bunge la Malodi, yaani na wenzake. Februari 1841 kesi ikasikilizwa. Upande wa mashtaka ukamwita mtu aliyejeruhiwa kwa majina yake manne, Harvey Garnett Phipps Tuckett, kisha ukashindwa kuthibitisha kwamba huyo ndiye Kapteni Harvey Tuckett aliyeonekana Wimbledon. Malodi wakasimama mmoja mmoja, mkono kifuani, wakasema hana hatia. Mwaka huohuo, siku ya Pasaka, mara baada ya ibada, Cardigan aliamuru askari wake mmoja achapwe viboko 100 mbele ya wenzake. Hakuna kilichomfika.

Shemeji mwenyewe

Lucan hakuwa mpole kuliko yeye. Mashamba yake yalikuwa Castlebar, County Mayo, magharibi mwa Ireland. Njaa kuu ilipoipiga nchi hiyo kuanzia mwaka 1845 aliwafukuza wapangaji kwa wingi na kubomoa nyumba zao ili ardhi ilimwe kwa mashamba makubwa, na jina lake linakumbukwa huko kwa uchungu mpaka leo. Hata hivyo alikuwa amewahi kuona vita: mwaka 1828 alijitolea na jeshi la Urusi dhidi ya Waturuki. Tangu mwaka 1837 hakuwa amesimamia kikosi chochote.

Ndoa yake na Anne iliharibika, nao wakatengana. Cardigan alisimama upande wa dada yake, akiamini ametendewa vibaya. Chuki ya mashemeji hao ilijulikana na kila aliyekula chakula kwenye nyumba za makabaila wa London. Ilijulikana pia na waliowapanga kwenda Krimea, mmoja akiwa chini ya mwingine. Foleni ya ukongwe ilisema hivyo, na hakuna aliyetaka kuwaudhi malodi wawili kwa kuwaambia hawafai.

Cardigan alifika vitani akiwa na hakika kwamba brigedi yake inajitegemea. Alipoambiwa kwa maandishi kwamba lazima amtii Lucan, alinuna. Lodi Raglan, jemadari mkuu, mzee mwungwana aliyepoteza mkono wa kulia Waterloo, hakupenda ugomvi, akamruhusu Cardigan alale kwenye yoti yake, Dryad, iliyotia nanga Balaclava. Askari walilala kwenye matope na kipindupindu. Wakamwita Mtukufu Mwenye Yoti. Lucan, ambaye askari wake wa farasi walizuiwa kupigana kwenye mapambano ya mwanzo, wakamwita Lodi Mtazamaji.

Asubuhi ile ya 25 Oktoba Warusi waliteka ngome ndogo zilizokuwa kwenye ukingo wa vilima, zikiwa na mizinga ya Kiingereza. Brigedi Nzito, kikosi kingine cha farasi chini ya Lucan, ikawashambulia askari wa farasi wa Urusi na kuwarudisha nyuma. Cardigan alikuwa karibu na brigedi yake, akatazama, asiwafuate waliokimbia; alisema baadaye kwamba Lucan alimwamuru abaki mahali pake. Lucan alisema amri yake haikuwa hivyo. Watu wanaozungumza wangemalizana kwa kutuma mjumbe.

Raglan, aliyekuwa juu ya kilima, aliwaona Warusi wakianza kuiondoa mizinga iliyotekwa. Akatuma amri ya maandishi: askari wa farasi wasonge mbele haraka na wamzuie adui kuichukua mizinga. Ipi, haikusema, kutoka kilimani ilionekana dhahiri. Lucan, bondeni, hakuiona. Alipomuuliza Kapteni Louis Nolan aliyeleta amri, Nolan, aliyemdharau Lucan, alinyoosha mkono kwa hasira kuelekea bondeni. Mizinga iliyoonekana upande huo ilikuwa ya Warusi, mwishoni mwa bonde la kilomita 2 hivi.

Lucan akamwendea shemeji yake. Cardigan alimkumbusha kwamba kuna mizinga mbele na kila upande. Lucan akajibu kwamba anajua, lakini Raglan anataka. Kama watu hawa wangekuwa marafiki, hata wa juujuu, hapa ndipo mmoja angemwambia mwenzake: hebu tutume mtu aulize. Cardigan alishusha upanga kwa salamu na kugeuka, na inasimuliwa kwamba alisema huku akiondoka kuwa huyo anayekwenda ndiye wa mwisho wa akina Brudenell. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na miaka 57 na siku tisa.

Nolan aliuawa mwanzoni kabisa. Cardigan alipanda farasi wake Ronald mbele ya wote bila kugeuka nyuma, akaifikia mizinga, akapita katikati yake. Huko, kwa kuwa aliamini si kazi ya jenerali kupigana katikati ya askari wa kawaida, akageuza na kurudi, akiwaacha watu wake wajitafutie njia. Kisha akaenda kulalamika juu ya utovu wa nidhamu wa Nolan, aliyekuwa maiti. Jioni alirudi kwenye yoti yake.

Ujasiri wake siuhoji. Ila ujasiri wa mtu asiyewahi kuulizwa swali maishani ni wa aina yake.

Fidia, ndoa na urithi

Lawama ziligawanywa kulingana na vyeo. Lucan aliitwa nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1855 na akautumia muda wake akiandika barua za kujitetea. Cardigan alirudi Januari 1855 akapokewa kama shujaa, picha zake zikauzwa madukani, akapewa ukaguzi mkuu wa askari wa farasi. Fulana ya sufu ya kufungua mbele, inayosadikiwa kuvaliwa na maofisa wake, ikachukua jina lake. Ofisa mmoja wa Raglan, Somerset Calthorpe, alipochapisha madai kwamba hakuwahi kuifikia mizinga, Cardigan alimpeleka mahakamani mwaka 1863. Shauri likatupwa, ingawa mashahidi walithibitisha kwamba alifika.

Wakati huo alikuwa na mke mwingine. Adeline de Horsey, aliyezaliwa mwaka 1824, alionekana akipanda farasi naye Hyde Park kabla Elizabeth hajafa, jambo ambalo jamii ya malkia haikulisamehe. Elizabeth alifariki Julai 1858. Kwa maelezo ya Adeline mwenyewe, aliyoyachapisha uzeeni mwaka 1909, Cardigan alimjia asubuhi na mapema na habari hiyo, akataka waoane papo hapo. Walifunga ndoa Gibraltar mwezi Septemba. Naye hakuzaa mtoto.

Cardigan alifariki tarehe 28 Machi 1868 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Miaka mitatu baadaye Waziri wa Vita, Edward Cardwell, alipeleka bungeni mswada wa kufuta ununuzi wa vyeo. Malodi wakaukwamisha. Serikali ya Waziri Mkuu Gladstone ikapita nyuma yao: ununuzi ulikuwa umewekwa kwa hati ya kifalme, basi hati nyingine ya Julai 1871 ikaufuta. Hapo malodi wakaupitisha mswada upesi, kwa kuwa ndani yake ndimo mlimokuwa fidia kwa maofisa ambao fedha zao zilikuwa zimefungwa kwenye vyeo. Lucan, aliyeishi hadi mwaka 1888, alipandishwa kuwa Fildi Mashali mwaka 1887. Damu ya akina Brudenell ikaendelea kwake kupitia kwa Anne. Kilembwe wao, Earl wa 7 wa Lucan, ndiye yule aliyetoweka mwaka 1974 na kuwa kitendawili cha magazeti ya Uingereza.

Jina la Cardigan lenyewe halikupitia kwa dada yeyote, maana wanawake hawakuhesabiwa. Liliangukia nyumba ya Ailesbury, wale binamu waliompa James kiti cha Marlborough mwaka 1818. Kwao ni cheo kidogo kuliko walichonacho, kwa hiyo mtoto mkubwa wa Marquess wa Ailesbury huitwa Earl wa Cardigan wakati akisubiri baba yake afariki.